Dawa Iliyowaponya Panya

4 Februari

Bi Maswali, mwanangu,

Barua hii ikukute mzima. Na kama una mafua, maana baridi haijawahi kukupita salama, basi funika kifua. Sisi huku tunakula, tunalala na asubuhi tunaamka. Ukiniuliza zaidi ya hapo nitaanza kukutajia viungo vinavyouma na karatasi haitatosha. Masikio yangu ni yale yale. Kiwanda cha nguo kiliniajiri nikisikia hata chungu akitembea, kikanistaafisha nikisikia mashine za kufuma peke yake, tena zile ambazo hazipo. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu wewe husema "Baba anaendelea?" mimi nasikia "Bata anaelea," nakujibu vizuri sana, kumbe tumepishana.

Binamu yako amejifungua mtoto wa tatu, wa kiume. Anasema sasa basi. Alisema basi na kwa wa pili. Jirani yetu muuguzi amestaafu, na tangu astaafu anautibu mtaa mzima bila kuombwa.

Yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Alikuja na ukurasa wa gazeti, akaubandika mezani juu ya mkate. Wameandika kwamba hapo unapofanya kazi mmepata dawa. Panya waliokuwa wamesahau njia ya kwenda kwenye chakula chao, wamepewa dawa wakaikumbuka. Kuna picha ya mkuu wenu mwenye ndevu, na nyuma yake kuna mtu aliyeipa kamera kisogo. Kisogo hicho nimekisuka miaka mingi. Nakijua.

Sasa nisikilize. Baba yako, mdogo wangu wa tumbo moja, fundi aliyeparamia lifti za nusu ya mji huu, juzi alisimama mbele ya kabati la nguo. Akabonyeza ubao wa pembeni kwa kidole, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri. Nikamwuliza, "Unangoja nini?" Akasema, "Inakuja." Nikakaa kitandani, nikangoja naye.

Kama panya anapona, mdogo wangu atashindwa nini? Niambie hiyo dawa inatolewa lini. Na kama kuna foleni, mpange wa kwanza.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, imekunjamana kama iliyokuja kwa miguu. Mafua ninayo, kifua nimekifunika. Mpe binamu hongera zangu, na mwambie nami nasema basi kwa niaba yake. Huku ni kama nilivyokueleza mara ya mwisho nilipokuandikia: chumba kisicho na dirisha, friji zinazonguruma kutwa, na hadubini ambayo imenifanya jioni jicho la kushoto lione ukungu. Kisogo ni changu. Mpiga picha aliniambia nisogee, nikasogea kinyume.

Kuhusu panya ni kweli, Shangazi. Walipona, nimewaona kwa macho yangu. Lakini gazeti limeandika nusu ya habari, na mimi nimeajiriwa kwa ajili ya ile nusu ya pili.

Ndani ya ubongo kuna seli ndogo za ulinzi zinazoitwa mikroglia. Mwili una askari wengi kwenye damu, lakini ubongo una walinzi wake wenyewe, wanaishi humo humo. Wana matawi membamba kama miguu ya buibui, na kutwa kucha wanapapasa huku na huku. Kijidudu kikiingia wanakila. Seli ikifa wanaifagia. Kwa mgonjwa kama Baba, uchafu hurundikana na walinzi hawa huchoka, au huchanganyikiwa. Dawa yetu inawaamsha. Wa panya waliamka, wakafagia, panya akakumbuka njia.

Kazi yangu ni kulinganisha. Ninazo seli hizi za kuku, za samaki, za kondoo, za nguruwe, za nyani. Kwa mambo ya msingi wote ni wa ukoo mmoja. Ukimweka samaki hapa na mimi pale, ulinzi wetu unafahamiana. Lakini ukichimba zaidi wanaachana. Za panya zinafanana zote, kama watoto wenye sare ya shule. Za binadamu, ndani ya kichwa kimoja tu, ni kama watu wa sokoni: kila mmoja na lake. Tena vile vinasaba vinavyohusika na ugonjwa wa kusahau, kwetu sisi vinafanya kazi kwa namna ambayo kwa panya huioni. Kwa hiyo dawa iliyomwamsha mlinzi wa panya, hatujui itamfanya nini wa mtu. Tunakwenda mnyama kwa mnyama, kwanza kondoo, halafu nguruwe, halafu nyani, na mwisho seli za watu kwenye visahani vya maabara. Hakuna foleni bado. Ingekuwepo, ningelala mlangoni.

Samahani kwa somo. Nina swali moja tu, na kwa jina ulilonipa ni dogo. Je, Baba bado anakujua wewe?

Mtoto wako


21 Machi

Mwanangu,

Sisi hatujambo kiasi. Mtoto wa binamu yako amepata jina la babu wa upande wa pili, na babu wa upande huu amenuna. Mvua imetoboa paa pale pale ilipotoboa mwaka jana.

Barua yako nimeisoma, kisha nikasomewa na jirani muuguzi, ambaye alikuwa akisimama kila mstari kuniambia kwamba hayo yote aliyajua. Mimi nimeelewa hivi: panya ana bahati. Ingekuwa heri mdogo wangu angezaliwa panya. Usicheke, au cheka, maana na mimi nilicheka, halafu nikaacha.

Alipotea wiki iliyopita. Nilikuwa naanika nguo; kurudi ndani, mlango wazi, viatu vyake vipo, yeye hayupo. Nilizunguka mtaa na kandambili mguu mmoja, ya pili sijui ilibaki wapi. Mchana ukaisha. Ndipo bawabu wa lile jengo la ofisi lenye vioo akampigia jirani. Baba yako alikuwa ndani ya lifti. Tangu asubuhi anapanda na kushuka, peku, ameegemea vibonyezo, anawauliza watu, "Ghorofa ya ngapi?" na kuwabonyezea. Waliodhani ni kichaa ni wachache. Wengi walidhani ameajiriwa. Bawabu akaniambia, "Mama, hakumsumbua mtu. Ila alikuwa analalamika kwamba kamba inasuguliwa."

Mlango ulipofunguka niliingia ili nimshike mkono. Akanitazama kwa heshima kubwa, akaniuliza, "Unashuka ngapi, mama?"

Nikamwambia, "Chini kabisa."

Kondoo wanaendeleaje? Niandikie habari za kondoo.

Shangazi


15 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo sana. Nilisoma barua yako nikiwa kazini, kosa langu. Ilinibidi niseme jicho limeingiwa na dawa. Swali langu umelijibu. Sitaliuliza tena.

Basi habari za kondoo, kama ulivyotaka. Kondoo wamekubali! Seli zao ziliamka, zikafanya kazi, zikatulia. Nguruwe nao wamekubali, si kwa haraka kama panya, lakini wamekubali, na nguruwe kwa mambo mengi yuko karibu na sisi, ingawa watu hawapendi kusikia hivyo. Mkuu mwenye ndevu alituletea keki. Sijawahi kumwona akicheka hadi siku hiyo, ana pengo. Nyani tunaanza wiki ijayo, na visahani vya binadamu vinatayarishwa pembeni.

Funga mlango kwa juu, kwa komeo ambalo hatalitazama. Nimesoma kwamba wagonjwa wa namna hii hawainui macho. Na kitambulisho chake kishonee kwenye mfuko wa shati. Wewe mwenyewe unalala? Unakula ukiwa umekaa?

Usimwambie Baba lolote bado. Lakini mimi nawaza Desemba, Shangazi. Nawaza nikija Desemba nikiwa na kitu mkononi.

Mtoto wako


9 Mei

Mwanangu,

Usishangae mwandiko, kalamu hii ina kichaa. Binamu yako mzima. Watoto wazima. Paa limezibwa.

Komeo nimeweka. Ulisema kweli, hainui macho.

Nimefurahi kwa kondoo na nguruwe. Usiku nikikosa usingizi nawataja kama mtu anayetaja ndugu: panya amepona, kondoo amepona, nguruwe amepona. Sasa nasema jambo, nawe usinikatize mpaka mwisho. Hiyo dawa ipo. Ipo kwenye friji inayonguruma, ndani ya chumba ambacho wewe una funguo zake. Nitumie kidogo. Sikuombi ya kumponya, nakuomba ya kujaribu. Kijiko. Hakuna atakayejua, mimi hata nikiulizwa sisikii. Najua utaniambia subira huvuta heri. Huvuta, mwanangu, lakini hapa kwetu heri imekuwa nzito na anayevuta ni mmoja.

Alikuwa mtu, baba yako. Alikuwa anaweza kukaa juu ya lifti ndani ya giza, mkate mkononi, anapiga mluzi, huku watu wa ghorofa kumi wanamtukana. Mfanye arudi hata kwa chai moja.

Shangazi


30 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mko salama wote, na kwamba mvua imewaachia.

Siwezi kukutumia. Dawa bado haijaruhusiwa kwa mtu, na mimi nimeapa kwa maandishi. Hata nisingeapa, nisingeweza. Tafadhali usiniombe tena.

Na kalamu yako haina kichaa. Herufi zote zimelalia upande ambao hukuwahi kuzilaza. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una nini?

Mtoto wako


12 Juni

Kwa mtoto wa kaka yangu mdogo,

Barua yako nimeipata. Hatujambo.

Mkono wangu ni mkono wangu, nitautumia ninavyotaka.

Nilikuomba kijiko, ukanitumia kanuni. Kanuni hazikumlea baba yako, wala hazimshiki anapotaka kutoka dirishani. Mwezi wa nne ulikuwa unaniandikia keki na pengo la mkuu wako. Mwezi wa tano hakuna kondoo, hakuna nguruwe, hakuna nyani, ni "tafadhali usiniombe tena." Mimi ni kiziwi wa masikio tu. Kuna jambo unalijua, na mimi nimekaa huku nikiwataja wanyama wako kama mjinga.

Kama lipo, liseme. Kama halipo, nitakuomba radhi.

Shangazi


3 Julai

Shangazi yangu,

Lipo.

Nilikuwa nalijua siku niliyokuandikia kuhusu kiapo. Tulikuwa tumekwisha kuweka dawa kwenye seli za watu. Siku ya kwanza ziliamka vizuri sana, vizuri kuliko za panya, na watu wazima tulipigana makofi mgongoni kama wachezaji mpira. Zikafagia uchafu wote. Halafu hazikutulia. Kwa panya, kwa kondoo, kwa nguruwe, seli ikimaliza kazi hurudi kupumzika, matawi yake yananyooka tena. Kwetu sisi hazikurudi. Zilipokosa uchafu zikaanza kula vizima. Zilikula pale seli moja ya ubongo inapoigusa nyingine, na pale, Shangazi, ndipo kumbukumbu inapokaa. Nilikuwa nikitazama kwa hadubini, kisahani kimoja baada ya kingine, nikitafuta hata kimoja kilichotulia. Nyani nao baadaye wakaonyesha dalili zile zile, kidogo kidogo.

Tunadhani tumejua sababu. Kuna mlango mdogo juu ya ngozi ya seli ambao dawa huupita. Kwa panya mlango huo hujifunga wenyewe. Kwa nyani na kwa mtu umeumbwa tofauti, tofauti ndogo sana, unabaki wazi. Kwa tofauti hiyo hiyo ndogo, kazi ya miaka imekwisha. Dawa imeharibiwa. Friji imepewa watu wanaochunguza figo.

Ningekutumia kile kijiko, huenda Baba angekaa na wewe chai moja, akakuita jina lako, ukaniandikia barua ya furaha. Kisha angekwisha mbele ya macho yako kwa haraka kuliko ugonjwa wenyewe.

Sikukuambia kwa sababu uliniandikia kwamba usiku unawataja. Sikuwa na mnyama mwingine wa kukupa.

Mtoto wako


26 Septemba

Bi Maswali, mwanangu,

Ukikuta barua hii imechelewa, ujue si posta. Ni mimi. Wala si hasira. Hasira iliniisha mwezi ule ule wa saba, nilipoimaliza barua yako mara ya pili. Ukishaambiwa mlango umeumbwa hivyo, unamjibu nini mwenye kukuambia? Umefanya vizuri kuninyima. Nalisema mara moja, lisomeke.

Mtoto wa binamu yako ameota jino, anamng'ata kila mtu. Jirani muuguzi amejigundua kisukari mwenyewe, amefurahi kwamba aligundua kabla ya daktari.

Sasa mkono. Ilikuwa mwezi wa tano, mchana kweupe. Nilikuwa jikoni nakata kitunguu, baba yako akaingia akamkuta mwanamke asiyemjua ameshika kisu kwenye jiko la dada yake. Alinisukuma. Nilianguka juu ya mkono, nikasikia umelia, mimi nisiyesikia kitu. Akasimama pale akinitazama. Kisha akainama, akaninyanyua polepole, akanifuta machozi usoni kwa shati lake, akaniuliza, "Nani amekuangusha, mama? Niambie ni nani."

Ningemtaja nani?

Hospitali waliufunga, ukaunga vibaya. Wanataka kuuvunja tena na kuunyoosha kwa chuma. Binamu yako ananiita niende kwake kwa ajili hiyo. Nimemwambia siwezi, namwacha nani?

Na kuna jambo la pili, nimelala nalo wiki nyingi. Za kuku naelewa mnazipata wapi. Za kondoo na nguruwe naelewa. Hao watu, mwanangu, ambao seli zao mliziweka kwenye visahani, mliwapata wapi?

Nadhani najua: ni marehemu, na ndugu zao ndio waliokubali. Usiniandikie jibu. Na lile unalotaka kuniuliza mimi baada ya hapo, usiniulize. Usiniulize akiwa chumba cha pili anakohoa.

Shangazi


14 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo kwa ule mkono.

Sitakuuliza. Nikisema halikunipita kichwani utajua naongopa, kwa hiyo nasema tu sitakuuliza, na akili yangu ikiniuliza mimi nitaiambia inyamaze.

Niliifikiria sana ile "nani amekuangusha." Mimi ndiye ninayejua kazi ya kila tawi la zile seli, najua za kuku na za nyani zinaachana wapi, na sina hata neno moja la kukusaidia siku hiyo, hata ningekuwa nimesimama jikoni.

Kazini wamenihamishia kwenye uandishi wa matokeo. Mkuu amesema jambo hili litawasaidia wengine, kwamba sasa hakuna atakayemwamini panya upesi upesi. Ni kweli. Amesema pia, "Tumejifunza mengi sana." Nilikubali kwa kichwa. Nilipofika nyumbani nilivua viatu nikakaa sakafuni kwenye ukumbi.

Nimeomba likizo ndefu, nimepewa. Nitafika mwisho wa Novemba. Sina kitu mkononi. Nenda kwa binamu ukanyooshewe mkono. Nitakaa na Baba mimi.

Mtoto wako


3 Desemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini chuma hakikuumizi sana, na kwamba yule mwenye jino hakung'ati upande wa mgonjwa. Nyumba ipo. Ufunguo wa ghala nimeupata baada ya kuvunja kufuli, nisamehe.

Nilijiandaa kwa mengi, ila sikujiandaa kumwona mdogo. Baba amekuwa mdogo, Shangazi. Shingo inazunguka ndani ya kola. Ulikuwa ukiniandikia habari za lifti na za dirisha, hukuniandikia kwamba amepungua hivi.

Najua kilichomo kichwani mwake kuliko ninavyojua kiatu chake ni saizi gani. Jana ilinichukua asubuhi nzima kumvalisha shati. Mkono mmoja ukiingia, mwingine anautoa. Kuoga ndiko kubaya zaidi. Mume wa jirani anakuja kunisaidia, kwa sababu nilijaribu peke yangu na Baba aliona aibu, akajifunika kwa mikono miwili, akalia. Sijui alijua mimi ni binti yake au alimwonea aibu mgeni. Nilisimama nje ya mlango na ndoo. Nilikuwa na maji ya moto, sabuni, taulo safi, na shahada zangu, na sikuweza kufanya lolote.

Usiku anaita. Sikuandikii ili urudi, nakuandikia kwa sababu sijui anataka nini. Anaita "Dada! Dada!" Nikienda, ananitazama tu, anaendelea kuita. Mara ya kwanza nilimwambia, "Dada hayupo, Baba, ni mimi, mwanao." Alitikisika kama mtu aliyeambiwa kuna msiba. Sasa nasimama pale kimya, nimeshika mlango.

Nifundishe. Nini unamfanyia ambacho hukuniandikia?

Mtoto wako


11 Desemba

Bi Maswali,

Anayeandika ni binamu yako, maneno ni yangu, na akiongeza lake nitamjua. Mkono umenyooka. Unauma, lakini unauma kwa mpangilio. Kufuli lilikuwa bovu, usijali.

Shati, anza na mkono wa kushoto, na mpe kitu cha kushika kwa ule wa kulia, hata kijiko, la sivyo utamtafuta mkono mpaka adhuhuri. Usimwambie mnakwenda kuoga. Mpe taulo alibebe yeye, kama anamsindikiza mtu. Maji yaanze miguuni, kamwe usianze kichwani. Asimwagiwe na mtu aliyesimama; kaeni wote chini. Chai iwe vuguvugu kwa sababu hangoji ipoe. Akikataa kula, kula wewe mbele yake na usimtazame. Siku nyingine yote haya hayatafaa kitu, na siku hiyo usijilaumu wala usimlaumu. Kaa naye tu.

Ya kichwani mwake siyajui kama unavyoyajua wewe, na wewe umeniambia mlipofika. Nimekubali. Sijazoea, ila nimekubali. Ukirudi kazini uendelee, kwa wenye zamu ya baadaye.

Sasa hilo la usiku. Mama yetu alifariki baba yako akiwa hajajua kutembea sawasawa. Tulilala chumba kimoja, yeye upande wa ukuta. Akishtuka gizani alikuwa haiti mama, hakumjua. Aliniita mimi.

Kwa hiyo usimwambie mimi sipo. Usimweleze wewe ni nani. Akiita dada, ingia, mshike bega, umwambie, "Nipo." Tangu aanze kusema hajawahi kuita jina hilo asiitikiwe. Asianze sasa.

Shangazi yako